Faili Lililokwama Asilimia Hamsini na Nane

Simu iliita mara mbili, ikakata. Ikaita tena.

Koleo hakuitazama. Mdogo wake alikuwa amemshika mkono, na mkono wa mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa hauachii kirahisi. Tangu alfajiri mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Daktari alikuwa ameshasema neno lake: upasuaji, saa saba mchana, hakuna njia nyingine.

Simu ikaita mara ya tatu.

"Pokea," mdogo wake alisema huku akisaga meno. "Au itanizalisha hiyo."

Aliipokea koridoni. Sauti ya Mjomba haikuwa na salamu.

"Kiyoyozi cha chumba cha tatu kinavuja. Kipone kabla ya saa saba."

Laini ikakatika.

Kwa ndugu zake alikuwa fundi wa viyoyozi, mwanamke mwenye sanduku la spana na mikono migumu. Kwa Idara ya Ujasusi alikuwa Koleo, kwa sababu alichokibana hakikuwahi kumponyoka. Mjomba naye hakuwa mjomba wa mtu yeyote. Alikuwa mkuu wa operesheni, na alichosema kilikuwa na maana moja tu: faili litoke leo.

Mlangoni alikutana na shemeji yake, mume wa mdogo wake, amebeba chupa ya maji na macho mekundu. Alimuuliza anakwenda wapi. Koleo alisema kazini. Shemeji alimtazama kama mtu aliyesikia matusi kanisani, akapita.

Ndani ya gari, redio ndogo ya Motorola ikiwa sikioni, Mjomba alimweleza yaliyobaki. Mengi Koleo aliyajua. Kulikuwa na kampuni ya maghala ya baridi, na mmiliki wake aliitwa Mwenyekiti ingawa hapakuwa na kamati wala kiti. Kwa miezi mitatu mtu huyo alikuwa akiingiza dawa bandia ya usingizi, ile ya kumlaza mgonjwa kabla ya kupasuliwa. Chupa na lebo zilifanana na za kweli hata mtengenezaji mwenyewe angezisalimia. Wagonjwa wanne walikuwa wamelazwa juu ya meza na hawakuamka.

Hospitali zilikuwa zaidi ya mia mbili. Mzigo ulikuwa umekwenda kumi na saba. Zipi? Jibu lilikuwa ndani ya faili moja tu, kwenye seva, kompyuta ya kukodi iliyokuwa ng'ambo ya bahari, na seva hiyo haikupokea mgeni isipokuwa aliyebisha hodi kupitia mitambo ya chumba kimoja cha kampuni ile. Ndiyo maana Koleo alikuwa na wiki tatu pale, akitengeneza viyoyozi ambavyo vingine aliviharibu mwenyewe.

Jipya la asubuhi hiyo: Mwenyekiti anaondoka leo na faili linakwenda naye.

"Hospitali ya mdogo wangu imo?" Koleo aliuliza.

"Hatujui."

Hakuuliza kama anaweza kusimamisha upasuaji. Alijua. Mtoto asipotolewa, hatabaki mtoto wala mama. Hakuuliza pia kuhusu dawa salama, maana hilo nalo alilijua: Idara ilikuwa na maboksi kumi na saba yaliyopimwa, basi. Boksi moja likitumwa kwa upendeleo mahali pasipohusika, kuna mgonjwa wa mtu mwingine atakayelala moja kwa moja.

"Leta orodha," Mjomba alisema, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa sauti yake ilikuwa na huruma.

Saa tano na nusu mlinzi alimfungulia chumba cha mitambo.

Chumba kilikuwa chembamba, bila dirisha. Makabati manne ya chuma yenye taa za kijani. Mlango mmoja wa chuma, unaofunguliwa kwa kadi. Kando ya mlango, mkono mwekundu wa dharura ya moto, na chini yake maelezo ambayo Koleo alikuwa ameyasoma siku ya kwanza: ukiuvuta, umeme wa mitambo unakatika, gesi ya kuzima moto inaingia, mlango unajifungua wenyewe.

Alifungua kiyoyozi ukutani, akatoa feni na kuzipanga skrubu sakafuni ili aonekane ana kazi. Kisha akatoa kompyuta yake ndogo, ThinkPad, chini ya spana, akachomeka waya kwenye swichi ya mtandao.

Kidirisha cheusi kikafunguka. Hakuna picha, hakuna vitufe. Mshale mweupe unapepesa, unasubiri kuambiwa.

Aliandika herufi tatu: scp. Nakili. Halafu jina la seva iliyo mbali, njia ya kufikia faili, na mahali pa kulitua. Ufunguo wa kuingilia ulikuwa wa Mtaalamu, kijana wa kompyuta wa Mwenyekiti. Aliudokoa wiki iliyopita, Mtaalamu alipoacha mashine wazi akaenda kubembelezana na mkewe kwenye simu. Mwishoni akaongeza neno la kubana kasi. Faili lilikuwa kubwa, na likivutwa kwa nguvu zote mtandao wa ofisi nzima ungekohoa na Mtaalamu angeinua kichwa.

Akabonyeza.

Asilimia moja.

Asilimia tatu.

Aliketi sakafuni kati ya kabati na ukuta. Feni ikiwa imetolewa, joto lilianza kupanda taratibu. Saa ya Casio mkononi ilisoma saa tano na dakika hamsini.

Asilimia thelathini na moja.

Faili hilo lilikuwa limefungwa kwa siri. Idara ilikuwa na neno la kulifungua, lakini lilifunguka likiwa zima tu. Nusu yake ilikuwa takataka. Koleo alijikuta akizisukuma tarakimu kwa macho, kama mtu anavyoharakisha gari kwa kukanyaga sakafu akiwa amekaa kiti cha abiria.

Hamsini. Hamsini na tano. Hamsini na nane.

Hamsini na nane.

Hamsini na nane.

Mstari mmoja ukatokea: muunganisho umefungwa.

Mlangoni kitu kikalia *tak*. Taa ya kijani ya kadi ikawa nyekundu.

Koleo alisimama. Akajaribu kadi ya fundi aliyopewa na mlinzi. Nyekundu. Akajaribu tena kuingia kwenye seva. Imekataliwa; ufunguo umefutwa. Kasi aliyoibana kwa ujanja wake mwenyewe ndiyo iliyompotezea dakika alizozihitaji, na alijitukana kimoyomoyo tusi moja zito.

Nyayo zikaja koridoni. Za watu watatu.

"Fundi." Ilikuwa sauti ya Mwenyekiti, laini, ya mtu aliyekula akashiba. "Kiyoyozi kimepona?"

"Bado kidogo, mzee. Kuna spea imeungua."

"Pole. Huyu Mtaalamu wangu ananiambia kuna mtu ameingia kwenye seva kwa jina lake, kutoka humo ndani. Sasa humo uko wewe na spea yako."

Nje ya mlango walishauriana bila hata kujisumbua kunong'ona, maana panya akishanaswa hakuna wa kumficha siri. Mtu wa tatu, Baunsa, alitaka mlango ufunguliwe amalize kazi. Koleo alisikia bastola yake, Beretta, ikikokiwa. Mtaalamu akamkatalia kwa sauti ya kulia: nyaya zote za jengo zinapita humo, risasi moja ikigusa kabati hakuna mtandao, na bila mtandao faili halihami. Baunsa akasema basi wakate umeme. Mtaalamu akauliza kama amewahi kuona mtandao usiokula umeme.

Mwenyekiti akawanyamazisha.

"Hamishia seva ya pili. Ikimaliza, ya kwanza futa. Halafu tunafungua."

"Kwa kasi yote ni nusu saa, bosi."

"Na yeye?"

"Hana ufunguo. Hawezi kitu."

Nyayo za watu wawili zikaondoka. Baunsa akabaki. Kivuli cha viatu vyake kilitulia kwenye upenyo chini ya mlango.

Koleo aliutazama mkono mwekundu. Angeuvuta tu. Mlango ungefunguka, gesi ingemficha, na kwa Baunsa mmoja alikuwa na spana ya kutosha. Dakika mbili angekuwa mtaani.

Lakini umeme ungekatika. Mwenyekiti angeondoka na faili lake kesho au kesho kutwa, na leo saa saba mchana mdogo wake angechomwa sindano ambayo hakuna aliyejua ina nini.

Mlango ulikuwa wazi kwake wakati wowote, na hakuweza kutoka. Aliogopa. Akajiruhusu sekunde kumi za kuogopa, kisha akapiga moyo konde.

"Mjomba."

"Sema."

"Wamenifungia. Faili limekatika. Nipe nusu saa."

"Una nusu saa ya nini kama limekatika?"

"Atanikopia yeye mwenyewe."

"Nani?"

"Mtaalamu."

Katika wiki tatu za kupanda ngazi juu ya meza ya Mtaalamu, Koleo alikuwa ameona jambo moja. Kila seva ina alama yake, kama alama ya kidole. Kompyuta ikishaizoea, huitunza. Siku seva hiyo ikiitika kwa alama nyingine, kidirisha cheusi kinapiga kelele kwa herufi kubwa: TAHADHARI, HUYU SIYE UNAYEMJUA, HUENDA KUNA MTU ANAKUFANYIA UBAYA. Na kinagoma kuendelea.

Mtu wa kawaida akiona hivyo husimama. Lakini Mwenyekiti alikuwa mkimbizi wa sheria. Kila mwezi alibadilisha seva chini ya jina lilelile ili asifuatwe, na kila mwezi Mtaalamu alipokea tahadhari ileile. Mara ya kwanza pengine aliisoma. Koleo alipomwona, alikuwa keshajitengenezea amri fupi ya kuifuta alama ya zamani. Alikuwa akiibonyeza huku akitafuna kalamu. Kisha swali la pili: una hakika unataka kuendelea? Naye anaandika ndiyo kabla swali halijaisha kutokea.

Wahalifu wenyewe ndio waliomfundisha asiogope.

Koleo alifungua kabati la pili. Nyaya zilikuwa zimebandikwa karatasi kwa mwandiko mzuri wa Mtaalamu mwenyewe, maana hakuna mtu nadhifu kama mtu wa kompyuta anayekula njama. Waya wa meza yake ulikuwa wa bluu, wa nne kutoka juu. Koleo alihesabu hadi wa nne, akauchomoa kwenye swichi, akauchomeka kwenye ThinkPad. Waya mwingine akaurudisha kutoka ThinkPad kwenda swichi. Sasa kila alichosema Mtaalamu kilipita kwanza mapajani kwa Koleo. Kilichokwenda seva ya kwanza akakiacha kipite. Kilichokwenda seva ya pili hakikufika popote. Mashine ya Koleo ingeitika, *ndimi hapa*, na ingepokea ufunguo wowote atakaopewa.

Jasho lilimdondoka kwenye vitufe. Kipimajoto cha kabati kilisoma nyuzi thelathini na tisa. Kibandiko kando yake kilisema mitambo inajizima yenyewe ikifika arobaini na tano.

Akasubiri.

Mtu akabisha hodi kwenye ThinkPad.

Kisha kimya.

Mezani kwake, vyumba vitatu kutoka pale, Mtaalamu alikuwa anatazama herufi kubwa. Koleo aliweza kumwona kama yupo mbele yake, kalamu mdomoni. Leo haikuwa kama siku zote. Leo kulikuwa na jasusi ndani ya jengo, na bosi alikuwa amemsimamia mgongoni. Mtu mwenye akili angesoma. Mstari mmoja tu angeusoma, na mchezo ungeisha.

Sekunde tano. Kumi. Kumi na tano.

Hodi ikapigwa tena.

Imekubaliwa.

Asilimia moja.

Koleo aliuma kiganja chake asicheke kwa sauti.

Safari hii hakuna aliyebana kasi. Mtaalamu alikuwa anavuta kwa nguvu zote kutoka ng'ambo, na kila kilichofika mezani kwake kilimwagika moja kwa moja kwa Koleo. Kumi na tano. Ishirini na mbili. Saa sita na dakika ishirini.

Nyuzi arobaini na moja.

Alichukua mfuniko wa kiyoyozi akaanza kulipepea kabati. Alipepea kwa mkono wa kulia hadi ukafa ganzi, akahamia wa kushoto. Ukuta ulikuwa karibu kiasi kwamba mfuniko uligonga kila mara. Hewa ilikuwa nzito, na ilikuwa ileile aliyoivuta dakika moja iliyopita. Alipepea akimfikiria mdogo wake, ambaye utotoni alikuwa hali mpaka dada mtu aonje kwanza, na akajichukia kwa kuwa hapa badala ya kule, na akajua vilevile kwamba kule asingekuwa na faida.

"Wewe," Baunsa alisema nje ya mlango. Alikuwa amechoka kusimama. "Una watoto?"

"Sina."

"Afadhali."

Hakuwa anamtisha. Alimaanisha, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Asilimia sabini na nne. Nyuzi arobaini na tatu.

Redio ikakwaruza.

"Koleo. Vijana wako nje ya geti. Waingie?"

"Wakiingia Mtaalamu atang'oa waya. Subiri."

"Saa sita na nusu sasa."

"Nina saa, Mjomba."

Themanini na tisa. Arobaini na nne. Alimwagia taulo lake maji ya kunywa akalitandaza juu ya kabati, jambo ambalo fundi yeyote angefukuzwa kazi kwa kulifanya. Tisini na sita. Tisini na tisa.

Mia.

Hapo ndipo ilipobaki hatari moja. Kidirisha cha Mtaalamu kikirudisha mshale, atapiga kelele kwamba tayari, na Baunsa ataingia. Lakini seva haijamaliza mpaka iseme imepokea. Na seva alikuwa Koleo.

Hakusema.

Kwa mbali akasikia Mwenyekiti akiuliza kwa nini bado. Akasikia Mtaalamu akieleza kwamba imefika mia, imekwama tu mwishoni, huwa inatokea, isubiriwe.

Koleo aliingiza neno la siri. Faili likafunguka. Maelfu ya picha za makontena, barua, risiti za meli. Na ukurasa mmoja wenye mistari kumi na saba.

Aliupiga picha kwa simu, akautuma, ndipo akausoma.

Mstari wa kumi na moja.

Alisoma jina la hospitali, tarehe na idadi ya chupa. Akarudia jina. Koridoni mwa hospitali hiyo alikuwa amesimama asubuhi ileile.

"Mjomba, umepata?"

"Nimepata. Maboksi yanatoka yote kumi na saba."

"La kumi na moja..."

"Nimeona, mwanangu. Pikipiki imeshaondoka."

Hakuwahi kumwita hivyo.

Saa saba kasoro dakika kumi na tisa.

Koleo alirudisha vifaa ndani ya sanduku, akavaa barakoa ya gesi ambayo kila fundi wa viyoyozi huwa nayo, akakunja laptop. Kisha akaushika mkono mwekundu kwa mikono miwili na kuuvuta.

Giza. King'ora. Mlango ukajifungua, na wingu jeupe likatoka nje kabla yake. Baunsa aliinua Beretta, akavuta pumzi ili apige kelele, na hiyo ndiyo pumzi aliyoijutia. Alikohoa hadi akainama. Spana namba ishirini na nne ilimpata kwenye kifundo cha mkono, bastola ikaanguka. Spana ikampata tena nyuma ya sikio. Koleo alimkamata kola akamburuta hadi kwenye hewa safi, maana hakutumwa kuua, akaisukuma Beretta kwa mguu chini ya friji ya maji.

"Geti," aliiambia redio.

Kishindo cha milango ya chini kilijibu.

Mwenyekiti walimkuta kwenye ngazi za nyuma, mkoba mkononi, akiwa amesahau ulaini wa sauti yake. Mtaalamu hakukimbia. Koleo alipopita mlangoni kwake alikuwa bado ameketi mbele ya kioo kilichozimika, kalamu mdomoni, akiwa ameanza kuelewa.

"Ile tahadhari," alisema polepole. "Haikuwa ile ya kila siku."

"Ilikuwa ileile," Koleo alimwambia. "Siku moja tu ilikuwa inasema kweli."

Mapokezi, dada wa pale alikuwa amejificha chini ya meza. Koleo alimwambia atoke, hakuna moto, ila kiyoyozi cha chumba cha tatu kimeshindikana, watafute fundi mwingine. Akatoka nje na sanduku lake. Jua la mchana lilimpiga usoni. Alitembea mwendo wa kawaida hadi kona, akaegemea ukuta wa duka, akasubiri kwa kuwa hakukuwa na lingine la kufanya.

Saa saba ikapita. Saa saba na nusu. Katika chumba kile angalau alikuwa na asilimia za kutazama.

Saa nane na dakika tano simu ikaita.

"Ni wa kike," shemeji alisema. "Mama yake kaamka."

Koleo alifumba macho.

"Lakini wametutesa," shemeji aliendelea, sauti ikimpanda. "Wamechelewesha dakika ishirini nzima. Eti kuna watu wamekuja na boksi, wakaingia wakatoa dawa zote mle ndani, chupa moja moja, mke wangu akiwa pale mlangoni analia. Ishirini nzima. Nchi haina utaratibu hii. Ningemjua aliyetoa amri hiyo ningemshika shati."

"Poleni, shemeji."

"Na wewe. Alipoamka neno la kwanza kauliza uko wapi. Nikamwambia kazini. Kageukia ukutani. Ndugu yake mwenyewe."

Koleo alikuwa na jibu. Lilikuwa na mistari kumi na saba, na asingeweza kumpa hata mmoja, leo wala akizeeka.

"Una haki," alisema. "Mwambie nakuja."

"Usije mikono mitupu."

"Siji mitupu."

Alikata simu, akakung'uta vumbi kwenye suruali, akavuka barabara kuuliza wapi wanauza nguo za watoto wachanga.